Nahodha Wetu na Madaraja Yake

Nahodha wetu alikuwa mtu wa Tanga, Mhindi Mwislamu ambaye hata babu yake alizaliwa hukohuko, na Kiswahili chake kilikuwa kikiniaibisha mimi niliyekulia Dodoma. Nikisema neno vibaya alilinyoosha kwa upole, nikakasirika, kisha nikalitumia wiki nzima kana kwamba nilizaliwa nalo. Kazini alikuwa mpimaji wa damu katika maabara ya hospitali moja ya Saint Paul. Jumamosi na Jumapili, tangu theluji inapokwisha hadi majani yanapoanza kubadilika rangi, alikuwa nahodha wa timu yetu ya kriketi. Juu ya hayo alikuwa katibu wa ligi nzima, kwa sababu hakuna mtu mwingine aliyeutaka ukatibu.

Najua mnachofikiri. Kriketi, Minnesota? Mama yangu aliniuliza hivyohivyo kwenye simu, na nilipomweleza akasema afadhali hiyo kuliko baa. Miaka ya tisini tulikuwa timu nane, karibu zote za watu waliotoka mbali: Wahindi, Wapakistani, watu wa Guyana na Trinidad, na Waingereza wachache waliokuja kwa kazi za ofisini. Sisi tulikuwa timu ya Afrika Mashariki. Wengi wetu walikuwa Wakenya wanaofanya kazi hospitalini, na Watanzania tuliokuja kusoma tukasahau kurudi. Tulicheza katika bustani ya umma, kwenye mkeka wa plastiki uliotandazwa juu ya saruji, na watu waliopita na mbwa wao walisimama kutuuliza kwa nini besiboli yetu haiishi.

Mimi nilikuwa mpigaji wa kumi na moja. Timu ina watu kumi na moja. Mtu mwenye akili atanielewa.

Kila Jumapili niliendesha gari kutoka Eden Prairie, ambako nilikaa wiki nzima mbele ya kompyuta nikisema Kiingereza mpaka taya zikachoka, na nilipofungua mlango wa gari pale uwanjani na kusikia mtu akimtania mwenzake kwa Kiswahili, nilihisi mabega yanashuka yenyewe. Sikuwa na kanisa nililolipenda wala mke. Nilikuwa na timu ile. Nasema hivi ili ieleweke kwa nini nilifanya nilichofanya baadaye, ingawa sijitetei.

Sasa, nahodha alikuwa na jambo lake moja. Wakati ule mechi za Test, yaani zile za siku tano ambazo kwa wanaoijua kriketi ndizo kriketi yenyewe, ziliruhusiwa kwa nchi tisa tu duniani. Wengine wote walikuwa nje ya mlango. Halafu mwaka 1996 Kenya ikawashinda West Indies katika Kombe la Dunia. Mchezaji mwenzetu mmoja, nesi Mkenya aliyekaa Coon Rapids, alipata habari hizo kwa simu kutoka Nairobi, akatupigia sisi sote mmoja mmoja, hata wale waliokuwa kazini, akipiga kelele kama mtu aliyeshinda yeye. Nahodha alifurahi pia, lakini furaha yake ilikuja na hasira. Aliniita kwake, akanipa chai ya tangawizi, akachukua karatasi na kuchora masanduku mawili, moja juu ya jingine.

"Haya, niambie, bwana mdogo," alisema. "Kenya imewapiga West Indies. Kesho itacheza Test?"

"Haitacheza, kaka."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu haimo kwenye wale tisa."

"Na ili iingie ifanye nini?"

Sikujua. Alisema hata wakubwa wa kriketi wenyewe hawajui. Ataketi mtu kwenye kiti, atakunywa chai yake, ataamua. Kisha akaweka kidole kwenye sanduku la juu. Hili daraja la kwanza, akasema, na hili la chini la pili. Kila baada ya muda, wa mwisho juu anashuka, wa kwanza chini anapanda. Akachora ngazi katikati ya yale masanduku, akaikaza kwa kalamu mpaka karatasi ikatoboka.

"Kenya haihitaji kuhurumiwa," alisema. "Inahitaji ngazi."

Nilimuuliza kama West Indies nao wakiwa wa mwisho watashuka, na jina lao lote lile. Akasema watashuka. Nikamuuliza mashabiki wao je. Akasema watalia, kisha watafanya mazoezi. Nilicheka, lakini yeye hakuwa anatania. Nimewajua watu wengi wanaopenda haki pale inapowafaa, nami ni mmoja wao. Yeye aliipenda kama wengine wanavyopenda chakula.

Dunia haikumsikiliza, bila shaka. Alituma barua mbili tatu kwa wakubwa wa kriketi, hakujibiwa. Akaanza na ligi yetu.

Na kusema kweli ligi yetu iliihitaji ngazi hiyo. Timu mbili kubwa ziliwachinja wadogo kila wiki. Mechi iliyopaswa kwenda hadi jioni iliisha kabla ya chakula, na wake za wachezaji wakabaki na masufuria ya biriani na watu waliokasirika. Wadogo waliacha kuja. Katika mkutano wa majira ya baridi, kwenye chumba cha chini cha maktaba, nahodha alisimama na mchoro wake uleule. Timu nne juu, nne chini. Msimu unaokuja wote tucheze pamoja kwa mara ya mwisho, na msimamo wa mwisho wa msimu ndio utakaoamua nani aingie wapi. Daraja la kwanza litacheza kwenye viwanja vizuri vya mjini. La pili litaanzia kwenye kile kiwanja cha kaskazini, mbele zaidi ya Coon Rapids, chenye majani ya magotini na mbu wenye adabu mbaya, mpaka bustani nyingine ipatikane. Kura ikapigwa, ikapita.

Tulipotoka nje, kwenye baridi ile inayokata masikio, timu yetu ilimzunguka pale kwenye maegesho ya magari. Kila mmoja wetu alikuwa amepiga hesabu kichwani. Msimu uliopita tulikuwa wa tano.

Nesi wa Coon Rapids ndiye aliyeanza. "Boss, wacha nikuambie ukweli. Wewe ndiye katibu. Si ungesema tu tano juu, tatu chini? Nani angeuliza?"

"Timu nane, nusu yake ngapi?" nahodha alimjibu.

"Ai, nusu ni ya nini? Tukishuka watu watatoka, nakuambia. Mimi kule kwa shamba ni karibu na nyumbani, sawa, lakini hawa wengine hawawezi ku-drive saa nzima kila weekend. Timu itakufa."

Nami nikatia langu. Nilisema wahenga walishasema, mwamba ngoma huvutia kwake, na hakuna ambaye angemlaumu. Nahodha alinitazama huku akivaa glavu zake, kidole kimoja kimoja.

"Ndiyo maana ngoma nyingi zinapasuka," alisema. Akaingia kwenye gari lake.

Nilikwenda nyumbani nimekasirika vibaya sana. Nilisema peke yangu barabarani, njia nzima. Nilimwita mkaidi, nikamwita mtakatifu wa maabara. Alikuwa ametujengea shimo kwa mikono yake mwenyewe, tena kwa rula.

Msimu ukaanza, na kwa mara ya kwanza tukafanya mazoezi kama watu wenye akili timamu. Hata mimi nilikwenda. Hofu ya kushuka ilifanya kazi ambayo miaka ya kubembelezana haikuifanya. Na si sisi tu. Timu ndogo zilizokuwa zimekata tamaa zilianza kuja na wachezaji kamili, na mechi za watu wa katikati zikawa moto, za kukaza meno hadi mpira wa mwisho. Niliona hayo yote na sikumwambia nahodha kitu, maana kumsifu kungekuwa kukubali. Yeye alizunguka na daftari lake la matokeo, akiwapigia simu manahodha wenzake kila Jumapili jioni, na sijamsikia hata siku moja akicheka timu iliyopigwa.

Tukafika mechi ya mwisho tukiwa wa nne, tukifuatwa kwa karibu mno. Hesabu ilikuwa rahisi. Tukishinda, tunabaki juu. Tukishindwa, tunashuka. Wapinzani wetu walikuwa watu wa Guyana na Trinidad, ambao walikwisha jihakikishia nafasi yao na hawakuwa na la kupoteza, kwa hiyo walicheza vizuri sana huku wakiimba.

Hapa lazima nieleze desturi moja. Ligi kama yetu haikuwa na uwezo wa kuleta waamuzi. Kwa hiyo timu inayopiga ndiyo hutoa waamuzi wawili kutoka kwa wachezaji wake wanaosubiri zamu. Yaani mwenzako ndiye anayekuhukumu. Ukitoka, yaani zamu yako ya kupiga ikiisha, unamvua koti la uamuzi naye anakwenda kupiga. Koti letu lilikuwa jeupe, la zamani la nahodha la maabara, lenye doa la zambarau mfukoni ambalo hakuna aliyetaka kujua asili yake. Bila shaka desturi ya namna hiyo huzaa desturi nyingine. Kama mtu katolewa wazi, wiketi, vile vijiti vitatu nyuma yake, zimeanguka, mwamuzi alinyanyua kidole kwamba ametoka. Lakini lile kosa la mguu, pale mpira unapokugonga mguuni na mwamuzi akaona kwamba bila mguu wako ungeipiga wiketi, hilo liliachiwa macho ya mwamuzi tu, na katika miaka yangu yote pale sikuwahi kuona mtu akimtoa mwenzake kwa mguu. Warushaji walilalamika kwa mazoea tu, kama mtu anavyolalamikia bei ya nyanya.

Siku ile walikuja watu kumi na mmoja barabara, hakuna ziada. Wapinzani walipiga kwanza, wakaweka mikimbio mingi, zile pointi za kriketi. Sisi tukaanza kuwafuata, na watu wetu wakatoka mmoja baada ya mwingine, isipokuwa nahodha. Umri wake ulikuwa unakaribia hamsini na goti lake moja lilikuwa limefungwa bandeji. Alisimama pale tangu mchana akipiga pole pole, akikimbia kwa kuchechemea, akituvuta kama mtu anayetoa maji kisimani bila kumwaga tone. Sijawahi kuona kitu kizuri kama kile kwenye uwanja ule, nami nilikuwa na mahali bora pa kukiona, kwa sababu koti nilikuwa nalo mimi. Nilikuwa mwamuzi upande wa mrushaji, pedi, zile kinga za miguu, nimeshazifunga, maana wenzangu wote walikwisha toka isipokuwa sisi watatu: nahodha aliyekuwa akipiga, nesi aliyesimama mwisho mwingine karibu yangu, na mimi.

Ilibaki mikimbio saba.

Mrushaji akapita mbele yangu mbio, akarusha. Nahodha akainyoosha beti yake, ule ubao wa kupigia, mpira ukapita ukadakwa na mdakaji wa nyuma. Nikasikia mguso. Ulikuwa mdogo, kama ukucha kwenye meza, lakini niliusikia kama ninavyosikia jina langu. Ikiwa mpira umegusa beti na umedakwa, mtu ametoka. Wote wakanigeukia mikono juu wakipiga kelele.

Mkono wangu haukwenda popote. Nilifikiria kiwanja cha kaskazini, nikafikiria Jumapili zangu, nikatazama nyasi. Nikatikisa kichwa kwamba hapana.

Nahodha alikuwa bado amesimama. Alinitazama, akaendelea kunitazama, kwa muda uliotosha mtu kuvuta pumzi mbili. Nilidhani ananiomba ninyamaze, na moyo wangu ukachangamka kwamba hatimaye naye ni binadamu. Kisha akaiweka beti kwapani na kuondoka kwenye wiketi. Hakuelekea kwenye viti, alinijia mimi moja kwa moja, akachechemea hadi aliponifikia, akanipa beti, akanivulia glavu zake zilizolowa jasho. "Zamu yako," alisema. Akanyoosha mkono apewe koti.

Kwa hiyo mpira uliofuata nilikuwa mimi ninayepiga, na nahodha wangu ndiye mwamuzi, amevaa koti lake la maabara kama mtu aliyerudi kazini.

Mpira wa kwanza sikuuona. Wa pili nilifumba macho nikapiga, nao ukaruka ukingoni mwa beti ukapita nyuma ya kila mtu hadi nje ya mpaka. Mikimbio minne! Nesi alikuja mbio akanikumbatia kofia ikanidondoka. "Buda, tatu tu! Tatu tu, simama hapo!" Ilibaki mitatu. Nilijiona mkubwa. Nakumbuka niligonga mkeka kwa beti mara mbili kama nilivyoona watu wa maana wakifanya.

Mpira wa tatu ulikuja chini, ukanipita beti, ukanigonga mguuni juu kidogo ya kifundo, mbele kabisa ya wiketi ya katikati. Mrushaji aligeuka akapiga ukelele wake wa mazoea, nusu anacheka, maana alijua ligi yetu. Alikuwa ameshaanza kurudi kuufuata mpira wake.

Nahodha alinyanyua kidole.

Hakukinyanyua haraka, wala hakusitasita. Alikinyanyua akakiacha pale juu, akinitazama usoni. Mrushaji aligeuka akakiona, akasimama mdomo wazi. Nesi akatupa beti yake chini. "Captain! Captain, umetumaliza, wallahi umetumaliza!" Na yule alikuwa Mkristo wa Nyeri. Nahodha wa wapinzani alitoka mbali kwenye mpaka, akaja akitembea uwanja mzima, akavua kofia, akamshika mkono mwamuzi wetu kwa mikono yake miwili. Wenzake wakaja nyuma yake mmoja mmoja wakafanya vivyo hivyo. Hakuna aliyeimba. Mimi nilibaki kwenye mkeka na beti ya mtu mwingine mkononi, na watu wakanipita kana kwamba mimi ndiye mti wa bustani.

Tukashuka daraja. Msimamo aliuandika yeye mwenyewe jioni ileile, kwa mwandiko wake mzuri, sisi wa tano.

Gari langu lilikuwa gereji wiki ile, kwa hiyo aliyenipeleka nyumbani ni yeye. Kutoka pale hadi Eden Prairie ni mwendo, na nilikuwa nimeapa kutosema neno. Sikufika hata daraja la mto.

"Ungeuacha mkono chini," nilisema. "Mkono tu, kaka. Hata yule mrushaji hakutegemea."

Aliniuliza, "Ulikuwa umetoka au hukutoka?"

Ningeweza kusema mengi. Jua lilikuwa limeshuka mbele yetu, ameshusha kile kibao cha kuzuia mwanga, na uso wake ulikuwa umechoka kuliko nilivyowahi kuuona. Goti lake lilikuwa limevimba juu ya bandeji. Mtu huyu alikuwa amesimama saa tatu kutupigania tusianguke kwenye shimo alilolichimba mwenyewe, kwa nguvu zake zote, akitaka kushinda kuliko sisi sote. Hilo ndilo lililonijia pale garini, na likanichoma. Nilikuwa nimedhani kwamba hajali. Alijali kutuzidi.

"Nilitoka," nilisema.

"Basi."

Tulipita maduka, tukapita taa mbili. Nikaona afadhali nimalizie, maana nusu ya ukweli ilikuwa imenikaa kooni.

"Na ule wako, kaka. Wa mdakaji. Niliusikia. Niliusikia vizuri kabisa."

"Najua uliusikia," alisema. "Nami nilisimama pale nakungoja."

Hakuwa na ukali wowote. Aliwasha taa ya kupinda kulia, akaangalia kioo, akapinda. Nami niligeukia dirishani ili asinione, nikalia njia yote iliyobaki, mtu mzima wa miaka ishirini na tisa mwenye pedi za kriketi mapajani.